Binti Yetu Alisema "Sijui", Nasi Hatukumsikia

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, nyumba nyingi huku kwetu Kusini huingia katika mashauri mazito. Wajomba hupigiwa simu, shangazi huja na maoni yake, na jirani naye hataki kupitwa. Wote wanauliza jambo moja: mtoto aende akasomee nini? Anayeulizwa mwisho, mara nyingi, ni mtoto mwenyewe. Na akijibu kwamba hajui, watu hucheka au hukasirika, kana kwamba ametamka jambo la aibu.

Sisi ni mume na mke tunaoishi Mtwara mjini. Tuna watoto wanne, na tuna shamba la mikorosho upande wa Nanguruwe, katika barabara iendayo Newala. Tumeamua kuandika haya kwa pamoja kwa kuwa kosa lenyewe tulilifanya pamoja. Binti yetu mkubwa ameyasoma kabla hatujayatuma, na amesema, "Yaandikeni, huenda yakamsaidia mwenzangu."

Mwaka wa gesi

Binti huyo alimaliza kidato cha sita mwaka 2013. Wanaoikumbuka Mtwara ya wakati ule wanajua tulikuwa katika hali gani. Gesi ilikuwa imegunduliwa Ghuba ya Mnazi, karibu na Msimbati, tangu mwaka 1982, ikaanza kuvunwa mwaka 2006. Lakini kuanzia mwaka 2010, makampuni yalipopata gesi nyingi zaidi kwenye kina kirefu cha bahari, mji wetu ulibadilika. Nyumba za wageni zilijengwa kila upande. Viwanja ambavyo jana vilikuwa vya kupandia mihogo vilipata bei ya kutisha. Mei mwaka huo kulitokea vurugu kubwa juu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Watu walikufa, majengo yakachomwa moto, nasi tulilala sakafuni na watoto wetu usiku kucha tukiomba kukuche.

Hata hofu ile haikutuondolea tamaa, bali iliiongeza. Tulisema mioyoni mwetu: kama watu wanagombania gesi hivi, basi ndani yake kuna mkate. Mtoto wetu ana mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati. Akasomee gesi. Atarudi hapa hapa nyumbani, atapata kazi ya mshahara mnono, atawainua wadogo zake.

Mzee wetu, babu yake binti, alikuwa bado hai, akiishi kule shambani. Tulipomweleza mpango wetu, alikaa kimya akimenya ming'oko iliyokuwa bado inafuka moshi. Kisha akasema, "Wanangu, mimi nilishaona reli hapa." Hakuongeza neno.

Tulijua anachosema, maana habari hiyo tulikuwa tumeisikia toka utotoni. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga, na huku Kusini walichagua Nachingwea. Vijana waliacha mashamba ya baba zao wakaenda kuwa vibarua, na babu alikuwa mmoja wao. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili hiyo, na reli ikatandikwa kwenda bara. Mwaka 1951 mpango ule ulitupwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Bandari ilibaki. Babu alirudi kwenye mikorosho yake.

Tulimheshimu babu, lakini hatukumfuata. Tulisema huyu ni mzee, mambo ya sasa hayajui.

Fomu isiyokuwa na nafasi ya "sijui"

Miaka ile maombi ya vyuo vikuu yalipitia katika mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu. Nyumbani hatukuwa na kompyuta, kwa hiyo tulikwenda watatu kwenye duka la intaneti karibu na soko kuu, sisi wawili na binti katikati yetu. Kijana mwenye duka alitufungulia ukurasa. Palitakiwa kuandikwa masomo anayoyataka mwombaji, la kwanza, la pili, la tatu, kwa mpangilio.

Kijana akauliza, "Niandike nini?"

Binti akasema kwa sauti ndogo, "Baba, mimi bado sijajua."

Baba wa nyumba akajibu, "Hujui nini? Andika gesi." Mama wa nyumba, aliyeona jinsi macho ya mtoto yalivyoinama, akasema, "Mwanangu, baba yako anakutakia mema." Basi mmoja wetu alimfunga kamba, na mwingine alikaza fundo.

Tumewahi kutafakari baadaye kwamba hata kama tungenyamaza, fomu ile isingemsaidia. Kwetu Tanzania kijana haingii chuo kikuu hivi hivi tu ili aamue baadaye. Anaomba somo maalumu, anadahiliwa katika somo hilo, na mkopo wake unapimwa pamoja na somo hilo. Tena kamba yenyewe huanza mapema zaidi, kidato cha tano, anapopewa mchepuo. Mwenye Historia, Jiografia na Lugha hawezi kugeuka kesho akawa mganga. Mwenye Fizikia, Kemia na Hisabati, bila Baiolojia ya kidato cha sita, mlango wa udaktari umekwisha kufungwa. Kwa hiyo mtoto wa miaka kumi na saba, ambaye hatumwachii hata kuchagua rangi ya mlango wa chumba chake, anatakiwa awe amekwisha kuchagua maisha yake.

Binti yetu alikuwa na mchepuo ule kwa sababu moja tu: alifaulu. Mwalimu alisema mwenye alama kama hizo asipoteze bahati. Hakuna aliyemwuliza kama anaupenda.

Nauli ya kangomba

Alichaguliwa. Tulifurahi, tukapika pilau, kwaya ikaja kuimba. Furaha ilipokwisha tukaanza kuhesabu.

Chuo hufunguliwa mwezi wa kumi. Korosho nazo huanza kuokotwa majira hayo hayo, lakini fedha yake haiji siku hiyo. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, zinasubiri mnada, ndipo malipo yanarudi. Mfumo huo una faida yake, lakini mwenye haja ya fedha mwezi wa tisa haumfai kitu. Bodi ya Mikopo ilimpa binti sehemu tu ya gharama. Nauli, godoro, sanduku, na ada iliyobaki vilikuwa juu yetu.

Hapo tulifanya jambo ambalo tunalisema kwa aibu. Tuliuza kangomba. Wasomaji wa mikoa mingine huenda hamlijui neno hili. Ni kumwuzia mwenye fedha korosho ambazo bado hazijaanguka, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ya shida. Ni biashara iliyokatazwa, na ni haki ikatazwe, maana humla mkulima akiwa bado anapumua. Tulitoa magunia manne kwa bei isiyofika nusu ya ile ya mnada. Babu aliposikia alisema, "Mmeuza na maua." Tukajibu kwamba mtoto akipata kazi ya gesi atayarudisha mara kumi.

Sanduku lililorudi

Chuo kilikuwa mbali, bara. Binti alipiga simu kila Jumapili jioni. Mwanzoni alieleza habari za chakula, za baridi, za wenzake wa chumba kimoja. Baada ya Krismasi alianza kujibu kwa neno moja moja. "Masomo?" "Mazuri." "Afya?" "Nzuri." Sisi tuliridhika, maana ndivyo tulivyotaka kusikia.

Mwisho wa mwaka alifeli masomo matatu. Akarudia mitihani, ile ambayo wanafunzi huiita "sapu". Akafeli tena. Huko chuoni wana neno lao: husema fulani "amedisko", yaani ameondolewa masomoni. Sisi hatukulijua neno hilo mpaka lilipotufikia nyumbani.

Hakutupigia simu. Alikuja tu, usiku mmoja wa mwezi wa tisa mwaka 2014, na lile sanduku la bati tulilolinunua kwa fedha ya kangomba. Tulidhani amekuja likizo. Aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango, kama mgeni, akatueleza.

Baba alipandisha sauti. Alitaja magunia, alitaja nauli, alitaja kwaya iliyoimba. Mama alilia, na kilio chake nacho kilikuwa cha lawama. Binti alisikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akasema bila hasira, "Pale dukani niliwaambia sijui. Hamkunisikia."

Akaenda kulala. Sisi tulibaki tumekaa, taa inawaka, hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake.

Yaliyofuata hayakutupa sifa. Kwa muda wa miezi mitano tuliwadanganya watu. Akina mama wa kwaya walipouliza binti anarudi lini chuo, tulisema, "Ana likizo ndefu." Jirani alipouliza mbona wenzake wamekwenda, tulisema, "Chuo chao kina ratiba nyingine." Mtoto alijua tunavyosema. Aliacha kwenda kanisani ili asiutazame uongo wetu. Alikuwa anafagia uwanja kabla hakujakucha ili asionwe na wapita njia. Tukatambua kwamba tulikuwa tunamficha kama mtu aliyeiba, na yeye hakuwa ameiba kitu.

Siku moja baba wa nyumba aliamka mapema, akamkuta uwanjani na ufagio. Alimwambia, "Mwanangu, nisamehe. Mimi ndiye niliyejaza ile fomu." Kwa mila zetu baba hamwombi radhi mtoto kwa urahisi. Binti aliuweka ufagio chini. Tangu siku hiyo alianza tena kula pamoja nasi, na Jumapili iliyofuata tulikwenda kanisani wote. Waliouliza tuliwaambia ukweli. Wengine walitikisa kichwa. Wawili walitujia baadaye kwa siri, wakasema na wao wana mtoto aliyerudi.

Nayo gesi? Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta lilikuwa linauzwa zaidi ya dola 100 katika soko la dunia. Januari 2015 lilishuka chini ya dola 50. Makampuni yalianza kubana matumizi, nyumba za wageni zikawa na vyumba vitupu. Bomba lilizinduliwa mwaka 2015, na bomba likishafukiwa halihitaji vibarua wengi. Wapo vijana waliosomea gesi wakapata kazi nzuri, hatusemi hawapo, na gesi inaendelea kutoa umeme. Lakini wenzake kadhaa waliofaulu vizuri, wenye shahada zao mkononi, walirudi Mtwara wakaendesha bodaboda. Basi hata kama angefaulu, tusingekuwa na uhakika. Tulikuwa tumemchagulia mtoto somo la miaka minne kwa kutazama soko la mwaka mmoja.

Shambani kwa babu

Mwaka 2015, kipindi cha kupuliza salfa kilipofika, tulimwomba binti aende Nanguruwe akamsaidie babu. Hatukuwa na mpango wowote. Tulitaka tu apumzike na macho ya watu.

Mikorosho huku kwetu husumbuliwa na ubwiriunga, ugonjwa unaoyafunika maua na majani machanga kwa unga mweupe, maua yakakauka kabla ya kutoa korosho. Dawa tuliyoizoea ni salfa ya unga, inayopulizwa kwa mashine ya mgongoni asubuhi na mapema, umande ukingali kwenye majani. Sisi tumeifanya kazi hiyo miaka yote bila kuuliza swali. Binti aliuliza. Kwa nini mti huu umeshikwa na ule wa pembeni yake umepona? Kwa nini asubuhi na si jioni? Kwa nini babu anapuliza mara nyingi kuliko jirani na anavuna sawa naye? Babu alichoka kujibu, akamwambia, "Nenda Naliendele ukawaulize wenyewe."

Naliendele ni pale pale karibu na mji wetu. Kuna kituo cha utafiti wa kilimo kinachojulikana nchi nzima kwa kazi ya korosho. Tumepita mbele yake mara mia, kwa basi na kwa baiskeli, tukienda shambani. Alikwenda, akapata mtu wa kumsikiliza, akarudi na karatasi zilizojaa maandishi. Aliwaeleza babu na majirani juu ya miche iliyobebeshwa inayozaa mapema, juu ya kupogoa matawi ili jua lipite. Agosti alikwenda kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Ngongo, Lindi, akakaa siku mbili kwenye kibanda kimoja. Babu alituambia, "Mtoto huyu mlisema hana akili ya kusoma? Huyu anasoma mpaka majani."

Hakutuambia kwamba amepata wito. Alisema tu, "Nadhani jambo hili naweza kulisoma bila kulazimishwa." Aliomba stashahada katika chuo cha kilimo hapa Mtwara. Ufaulu wake wa kidato cha nne katika Baiolojia na Kemia ndio uliomfungulia mlango, ule ambao sisi tuliudharau tulipouona mchepuo mkubwa. Safari hii fomu alijaza mwenyewe. Sisi tulimngojea nje.

Haikuwa njia ya mteremko. Alimaliza mwaka 2018, mwaka uliokuwa mgumu kwa wakulima wote wa korosho. Minada ilikwama kwa ajili ya bei, na mwezi wa kumi na moja Rais Magufuli akaamuru korosho zinunuliwe na Serikali kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likisimamia. Wengi wetu tulingoja malipo kwa muda mrefu. Ajira hazikuwapo. Binti alifanya kazi ya kujitolea na kuuza miche ya mikorosho aliyoiotesha nyuma ya nyumba yetu. Baadaye aliajiriwa kuwa afisa ugani, na mwaka 2022, Serikali ilipogawa pikipiki kwa maafisa ugani, naye alipata yake.

Kuna deni moja ambalo halijaisha. Mkopo wa mwaka ule mmoja wa chuo kikuu haukufutwa kwa sababu aliondolewa. Alipoajiriwa tu, makato ya asilimia 15 ya mshahara yalianza. Kwa miaka mingi amelipia somo ambalo hakulichagua na hakulimaliza. Kila tulipoiona karatasi yake ya mshahara tulijua kwamba ile sehemu inayokatwa ilikuwa yetu.

Kwingine wanafanyaje?

Tulianza kuuliza jinsi nchi nyingine zinavyowalea vijana wao katika jambo hili. Huko Marekani, katika vyuo vingi, mwanafunzi anaweza kuanza masomo akiwa hajaamua. Husoma masomo ya namna mbalimbali, na mara nyingi hutakiwa kutaja somo lake kuu mwishoni mwa mwaka wa pili. Kule "sijui" ni neno linalokubalika hata kwenye karatasi. Lakini utaratibu ule una gharama yake, maana kila mwaka wa kutafuta ni mwaka wa ada, na nchi yenye nafasi chache kama yetu haiwezi kuuiga wote.

Hata hivyo yapo madirisha madogo hapa kwetu ambayo wazazi wengi hatuyajui. Baada ya udahili hufunguliwa muda mfupi wa kuhama somo au chuo, kwa mwenye sifa. Jirani zetu Wakenya nao wana muda wa kubadili chaguo kabla na baada ya kupangwa. Binti yetu angeweza kuomba kuhama katika majuma yale ya kwanza. Alitueleza kwamba alilisoma tangazo, akalikunja, akaliweka mfukoni, kwa sababu aliogopa kutupigia simu.

Tunawaambia pia vijana kwamba somo la chuo si kaburi. Mwalimu Nyerere alifundisha Baiolojia na Kiingereza pale St. Mary's Tabora kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949, na huko hakusomea Baiolojia. Mzee Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, alihitimu Makerere mwaka 1962 katika Kiingereza. Akawa mtumishi wa Serikali, mhariri wa magazeti, balozi, waziri, kisha Rais mwaka 1995. Hakuna fomu ambayo ingeweza kuandika hayo yote kwa mpangilio, la kwanza, la pili, la tatu.

Mdogo wake

Mwaka 2023 kijana wetu wa tatu alimaliza kidato cha nne. Machi 2024 Serikali ikatangaza tahasusi 65 za kidato cha tano, 16 za zamani na 49 mpya, zikiwamo za michezo, sanaa, lugha na elimu ya dini. Tahasusi ni neno la sasa la ule tuliouita mchepuo. Kuwa na nafasi nyingi ni jambo jema, lakini kwa kijana asiyejua, njia 65 zinaweza kumchanganya kuliko njia 16.

Tulimwuliza jioni moja uwanjani. Akajibu, "Sijui." Sisi wawili tulitazamana. Dada yake, aliyekuwa amekuja na pikipiki yake, alicheka mpaka akamwaga chai.

Safari hii hatukutoa amri. Tulimwuliza maswali mengine. Kazi gani ukiifanya husahau kula? Somo gani ulilisoma hata pasipo mtihani? Jambo gani hutaki kabisa? Hilo la mwisho alilijibu upesi: hataki kazi ya damu wala ya hospitali. Akasema anapenda ramani na hesabu. Dada yake akamwambia, "Basi usichague kazi. Chagua njia ambayo haitakufungia milango mingi." Wakakaa na ile orodha ya tahasusi, wakaona kwamba Uchumi, Jiografia na Hisabati ingemwacha na njia ya mipango, ya ardhi, ya takwimu, ya biashara na ya ualimu. Julai 2024 aliingia kidato cha tano. Tulipomsindikiza kituo cha basi, mama fulani alimwuliza anataka kuwa nani. Alijibu, "Bado, mama," na sisi hatukumsaidia kujibu.

Tunayowaambia wenzetu

Hatujioni kuwa walimu. Lakini tulichokilipia hatupendi mkilipie tena.

Kwanza, mtoto akisema "sijui", hilo ni jibu. Amekueleza ukweli, na kuusema mbele ya wazazi kunahitaji moyo. Mshukuru kwanza, kisha uliza swali la pili.

Pili, usimchagulie somo kwa sababu ya kelele za mwaka huu. Atakayeanza leo atamaliza baada ya miaka mitatu au minne, na kelele zitakuwa zimehamia mahali pengine.

Tatu, kama hajui, mwelekeze kwenye njia pana. Mnapochagua tahasusi, hesabuni milango inayobaki wazi, msihesabu sifa za majirani.

Nne, someni karatasi za mkopo pamoja naye. Ajue kwamba deni linabaki hata masomo yakikatika. Ajue pia siku za kuhama somo, na ajue kwamba anaweza kukupigia simu.

Tano, mwaka wa kungoja si mwaka uliopotea kama una kazi ndani yake. Binti yetu alijifunza zaidi katika msimu mmoja wa salfa kuliko katika mwaka wa chuo, lakini angelala tu nyumbani asingejifunza kitu.

Sita, akirudi na sanduku lake usiku, mfungulie mlango kabla ya kufungua mdomo. Mpe maji ya kuoga na chakula. Magunia yatazungumzwa kesho, au yasizungumzwe kabisa.

Babu yetu alifariki mwaka 2019. Mikorosho yake bado inazaa, na ile michache aliyoipanda pamoja na binti mwaka 2015 sasa imekuwa mikubwa, inatoa kivuli cha kutosha kukaa watu sita. Hivi karibuni tulikaa hapo sote baada ya kuokota. Tulimwuliza binti kama sasa ameridhika na kazi yake. Alifikiri kidogo, akabangua korosho moja, akampa mama yake.

"Kwa sasa, ndiyo," akasema. "Ya mbele sijui."

Tulimwambia ni sawa.